Wazima kwa Hesabu ya Makaburi

Imekuwa desturi katika mji wa Nairobi, na khasa katika mitaa ile ya mashariki inayofuatana kandokando ya Barabara ya Kangundo kutoka Komarock na Saika hata Njiru, Chokaa na Ruai, kuwasikia watu wenye akili zao timamu wakisema kwamba korona ilikuwa tisho la watu wa ng'ambo lililotupitia kando, kwamba sisi kwa ujana wetu, na kwa jua letu, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu tulisalimika, na kwamba yeyote aliyeugua kisha asife alikwisha pona, hana tena la kudai wala la kulalamikia. Rai hii haikai vijiweni peke yake. Husemwa ndani ya matatu, husemwa makanisani na misikitini, husemwa maofisini na watu waliosoma. Na tangu tarehe 5 Mei 2023, siku Shirika la Afya Duniani lilipotangaza kwamba hali ya dharura imekwisha, imepata nguvu ya sheria isiyoandikwa, hata mtu anayeitilia shaka hutazamwa kama mtu anayependa misiba. Nakusudia kuipinga, na nitaipinga mahali ambapo wasemaji wake hawakutazamia kukutana na mpinzani, yaani kwa watu wachache, wasiojulikana hata na majirani zao, wenye maradhi yaitwayo multipo sklerosisi. Kwa kuwa ni katika miili ya watu hao, na katika nyoyo zao, ndimo ubatili wa rai hii unamoonekana wazi kuliko penginepo.

Maradhi haya si mageni duniani. Tabibu Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza kwa ukamilifu mwaka wa 1868 katika hospitali ya Salpêtrière huko Paris, na tangu hapo matabibu wamejua kwamba asili yake ni kinga ya mwili kumgeukia mwenye mwili, ikaushambulia utando uitwao mayelini unaoifunika mishipa ya fahamu katika ubongo, katika uti wa mgongo na katika mshipa wa jicho. Mkazi wa Njiru aliyepata kuona waya wa umeme uliochubuka ngozi yake, ukaning'inia baina ya nguzo na kibanda, taa ikawaka na kuzima bila mpango, hana haja ya mwalimu wa kumweleza zaidi: habari itokayo ubongoni kwenda mguuni hufika nusu, au huchelewa, au haifiki kabisa. Ndiyo maana huyu huona kiwi cha jicho moja, yule hufa ganzi mikononi, wa tatu huyumba akitembea hata akadhaniwa mlevi saa tatu za asubuhi. Na wote, au akthari yao, hulemewa na uchovu usio wa kazi, uchovu ambao usingizi hauutoi. Aghalabu huwapata watu kati ya miaka 20 na 50, na wanawake mara mbili au tatu zaidi ya wanaume. Tena kuna jambo moja lililopewa jina la tabibu Mjerumani Wilhelm Uhthoff, aliyeuona mwanzo wake mwaka wa 1890, nami naomba msomaji alihifadhi kwa kuwa tutalirudia: mwili wa mgonjwa huyu ukipata joto, dalili zake huweza kuzidi, maana mshipa uliokwisha kuvuliwa utando wake hushindwa hata na ongezeko dogo la hari.

Hapa ndipo mpinzani wangu hunikatiza kwa hoja anayodhani kuwa ni ya mwisho. Husema: maradhi hayo ni ya Wazungu, sisi hatuyajui, kwa nini utuletee msiba wa watu wengine? Hoja hii ina umri mkubwa, na umri huo ndio unaoifanya ionekane kweli. Walakini tangu mwaka wa 1970 jarida la madaktari wa Uingereza lilikwisha kuchapa habari za maradhi haya kwa Mwafrika. Mwaka wa 1989 jarida la tiba la Afrika Mashariki likachapa makala juu ya maradhi haya nchini Kenya. Na mwaka wa 2021 madaktari wa Hospitali ya Aga Khan ya hapa hapa Nairobi wakatoa maelezo ya kundi zima la wagonjwa waliowatibu kwa miaka kadhaa. Shirikisho la kimataifa la maradhi haya lilikadiria mwaka wa 2020 kwamba walioyapata duniani ni watu milioni 2.8, na kwamba Afrika ina kiasi cha wagonjwa 9 katika kila watu 100,000, hesabu iliyo ndogo sana mbele ya ile ya Ulaya, na ambayo bila ya shaka ni pungufu, kwa sababu ugonjwa usiokuwa na mashine ya kuupima hauwezi kuingia daftarini. Haya, na tuichukue hesabu hiyo pungufu kama ilivyo. Sensa ya mwaka wa 2019 ilikuta watu zaidi ya 600,000 katika kaunti ndogo ya Njiru. Piga hesabu, utapata watu hamsini na kitu. Nauliza basi: wako wapi watu hao hamsini na kitu? Wapo. Yupo anayeambiwa ana baridi yabisi, yupo anayeambiwa amepigwa na kiharusi kidogo, yupo aliyepelekwa kwa waganga kwa sababu aila yake ilisadiki kwamba amerogwa kwa ajili ya shamba la nyumbani, na yupo aliyefukuzwa kazi ya ulinzi kwa kupepesuka langoni. Kutojulikana kwao hakuna ithibati yoyote juu ya nasaba ya maradhi. Kuna ithibati juu ya upungufu wa matabibu wa mishipa ya fahamu, ambao katika nchi hii ni wachache mno na wengi wao wamo katika hospitali za kulipia, na juu ya bei ya kipimo cha MRI, ambayo kwa mtu wa kibarua ni mapato ya wiki nyingi.

Sasa mtie mtu huyo korona, tuone.

Jambo la kwanza ni kwamba uhusiano wa maradhi haya na virusi si habari ya jana. Mwaka wa 1985 huko Marekani Sibley na wenzake walionyesha katika jarida la Lancet kwamba mashambulizi ya maradhi haya huwajia wagonjwa mara nyingi zaidi katika majuma yanayozunguka homa za virusi za kawaida, mafua na mfano wake, kuliko nyakati nyingine. Na mwaka wa 2022 wataalamu wa Harvard, baada ya kulifuatilia kundi la askari wa Kimarekani zaidi ya milioni 10 na kupima damu zilizohifadhiwa za baadhi yao, wakatoa burhani kwamba kirusi kiitwacho Epstein-Barr huitangulia multipo sklerosisi karibu katika kila mgonjwa waliyemkuta. Kinga ya mwili inapoamshwa na adui wa kweli, huweza kuamka pamoja na uadui wake wa zamani dhidi ya mwenyewe. Fauka ya hayo kuna lile la Uhthoff: homa ni joto, na joto peke yake, hata pasipo shambulio jipya, hutosha kuulegeza mguu uliokuwa ukijikongoja na kulitia giza jicho lililokuwa likiona. Waingereza, ambao wanalo daftari la wagonjwa wa maradhi haya na hawakulifunga wakati wa tauni, waliwauliza wagonjwa wao waliopatwa na korona. Katika matokeo yaliyochapwa mwaka wa 2021, zaidi ya nusu ya wagonjwa 404 walisema dalili zao zilizidi wakati wa kuugua, na mmoja kati ya kila watano alipata dalili mpya asiyokuwa nayo kabla. Uchunguzi mwingine wa daftari hilo hilo ukaonyesha kwamba karibu watatu katika kumi walikuwa wangali na dalili za korona baada ya wiki 4, na kama mmoja kati ya wanane baada ya wiki 12. Tena ukasema lililo zito zaidi kwa hoja yangu: waliochelewa kupona walikuwa ni wale waliokuwa na ulemavu mkubwa tangu mwanzo, na wale waliokuwa na wasiwasi au sononeko la moyo kabla ya kuugua, na wanawake.

Najua jibu litakalokuja. Hizo, mpinzani ataniambia, ni takwimu za Uingereza, na Njiru si Uingereza. Kweli tupu, Njiru si Uingereza, na tofauti hiyo ndiyo inayomwangusha yeye. Kwa maana uchunguzi ule ule wa kwanza uliona kwamba waliokuwa wakitumia dawa za kuutuliza ugonjwa walisalimika zaidi na dalili mpya kuliko wasiotumia dawa. Ikiwa mgonjwa mwenye dawa, mwenye daktari wa kumpigia simu, mwenye mshahara unaoingia akiwa kitandani, alitikiswa kiasi hicho, seuze huyu ambaye hata jina la ugonjwa wake hajaambiwa? Mtu akitaka kusema kwamba takwimu za ng'ambo hazituhusu, sharti aonyeshe sababu ya kutufanya sisi tuwe na hali njema kuliko wao, wala si kuutaja umbali wa bahari na kunyamaza. Jua letu? Tumeona kwamba joto kwa mgonjwa huyu ni dhara. Ujana wetu? Maradhi haya huwataka vijana.

Insafu hata hivyo yanitaka niseme na upande wa pili, kwa sababu wapo pia wanaotia chumvi, na hao hawausaidii upande wangu. Si kweli kwamba kila mwenye multipo sklerosisi alikuwa hatarini kufa kwa korona. Wengi waliipata ikawapitia kama ilivyowapitia jirani zao, na wapo wataalamu waliowafuatia wagonjwa baada ya kupona wakaona kwamba kwa sehemu kubwa yao mwendo wa maradhi haukubadilika. Waliokuwa katika hatari ya kulazwa walikuwa khasa wazee, na wenye ulemavu mkubwa, na wenye kisukari au maradhi mengine juu ya hayo, na wale wanaotumia dawa zinazozifuta chembe za kinga ziitwazo seli B. Miongoni mwa dawa hizo imo rituximab, inayotiwa mshipani kwa dripu aghalabu kila miezi sita, na ambayo nchi kama yetu huikimbilia kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko nyingi nyingine. Shirika la Afya Duniani liliiingiza mwaka wa 2023 katika orodha ya dawa za lazima kwa maradhi haya. Dawa ile ile inayomlinda mgonjwa na ugonjwa wake humpunguzia silaha mbele ya korona, na huidhoofisha chanjo pia, isipokuwa chanjo ipangiwe wakati wake baina ya dripu na dripu. Hili ni jambo la kupanga kwa kalenda, si la kuogopa. Lakini kupanga kunataka mtu wa kupanga. Na yule anayevumisha pale Njiru sokoni kwamba ni chanjo iliyowalemaza watu miguu, naye ana deni la burhani ambalo hajalipa hata senti: miguu iliyolemaa kwa maradhi haya ililemaa tangu zamani za Charcot, zaidi ya karne moja kabla ya chanjo hiyo kuwaziwa. Nimesema haya ili isidhaniwe kwamba namtetea mgonjwa kwa kumtia hofu. Hofu ilikwisha kumdhuru vya kutosha.

Maana siha si mapafu peke yake. Tumtie katika fikira mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mama wa watoto wawili, fundi cherehani mwenye kibanda chake kando ya barabara, apangaye chumba ghorofa ya nne katika mojawapo ya majumba yale marefu ya mawe yaliyoota Chokaa na Mihang'o kwa haraka kuliko mabomba ya maji, majumba yenye ngazi tupu bila ya lifti, ambamo maji hupatikana chini, penye tangi, siku ambazo mlinzi wa jumba amefungua mfereji, na kila mpangaji hupandisha mtungi wake wa lita ishirini kwa mikono yake mwenyewe au kwa kumlipa kijana. Mikono yake ilianza kufa ganzi zamani kidogo; akadhani ni kazi ya mkasi. Korona ilipomjia katika mwaka wa 2020 alikohoa, akahemewa kidogo, homa ikapanda siku chache, na katika siku hizo miguu ikakataa ngazi kabisa. Homa ikashuka. Kikohozi kikaisha. Majirani wakamshukuru Mungu, wakasema Mama Fulani amepona, na kwa kipimo chao walisema kweli. Lakini uchovu haukuondoka. Uzi haupiti tena katika tundu la sindano kwa sababu vidole havijui vimeshika nini. Nguo ya arusi iliyotakiwa Jumamosi haikwisha hata Jumatano. Wateja wakahamia kwa fundi wa kibanda cha pili, wala si kwa ubaya, nguo zao zilitakiwa. Mtungi wa lita ishirini ukawa wa lita kumi, kisha wa lita tano. Mumewe, ambaye si mtu mwovu, akamwuliza kwa mara ya kwanza, kisha kwa mara ya kumi, mbona siku hizi analala mchana, na mama mkwe aliyekuja kutoka nyumbani akamwambia kwa upole, «Mwanangu, inuka, mwili ukiudekeza utakuzoea.» Nani katika hao atakayeandika katika daftari lolote kwamba mwanamke huyu ameumizwa na korona?

Mwanamke huyu nimemtunga, nakiri wazi, kwa kuwa sina ruhusa ya kuyatoa hadharani maisha ya mtu aliye hai. Lakini hakuna sehemu yake hata moja iliyo nje ya kanuni ya maradhi yake au nje ya desturi ya mtaa. Na zingatia kwamba sikumtaja daktari. Alikuwa wapi? Katika majuma yale hospitali ya Mbagathi na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zilikuwa zimetengewa wagonjwa wa korona. Tangu tarehe 27 Machi 2020 amri ya kutotoka nje ilianza saa moja ya jioni na kwisha saa kumi na moja ya alfajiri. Tangu tarehe 6 Aprili mipaka ya Nairobi ikafungwa kwa miezi mitatu, hata yule aliyezoea kwenda kupumzika kwa mamaye Kitui au Murang'a akazuiliwa. Matatu zikaamriwa kupunguza abiria na nauli ikapanda. Na mwezi wa Desemba, tauni ingali pale pale, wauguzi na maafisa wa kliniki wakagoma kwa kukosa vifaa vya kujikinga na bima, mgomo ambao mimi binafsi sikuulaumu. Chanjo za kwanza zilipofika tarehe 3 Machi 2021, kiasi cha milioni moja kwa taifa zima, walitangulizwa watumishi wa afya, walimu na askari, kisha wenye umri wa miaka 58 na zaidi. Utaratibu huo ulikuwa na akili yake. Lakini mtu wa miaka thelathini na mitano mwenye ugonjwa usio na jina alikuwa nyuma ya foleni, na joto la Januari hata Machi, katika vyumba vya bati vya wale wasiofikia hata kodi ya ghorofa, lilikuwa likifanya kila adhuhuri kazi ile ile ambayo homa iliifanya kwa siku chache.

Narudi kwenye neno lao kubwa, kwamba tulisalimika. Kwa hesabu ipi? Wizara ya Afya ya Kenya iliandika vifo visivyofika 6,000 kwa tauni nzima, na hesabu hiyo ndiyo ngao ya kila asemaye kwamba hapakuwa na kitu. Lakini mnamo Novemba 2020 wachunguzi walipita katika kaya za Nairobi wakapima damu, wakakuta alama za maambukizo katika mtu mmoja kati ya kila watatu, au zaidi kidogo. Mji huu sensa iliukuta na watu karibu milioni 4.4. Theluthi yao ni zaidi ya milioni moja na robo, na wakati huo hesabu rasmi ya waliopatikana na korona katika taifa zima, kutoka Lamu hata Busia, ilikuwa haijafika 100,000. Maana yake ni kwamba kwa kila mgonjwa aliyeandikwa wapo wengi walioachwa, na ya kwamba hatukuwahi kuhesabu wagonjwa. Tulihesabu waliofika hospitali na waliofika makaburini. Kutoka katika daftari la namna hiyo mtu aweza kutoa kauli juu ya vifo, kwa tahadhari. Hawezi kutoa kauli yoyote juu ya waliobaki wakiishi nusu. Na ikiwa hatuna hesabu ya waliodhoofika kwa jumla, basi kudai kwamba wenye multipo sklerosisi hawakudhoofika ni kuleta shahidi asiyekuwapo.

Jirani zetu walikwisha tuonyesha mwisho wa njia hiyo. Mwezi Juni wa mwaka wa 2020 mkuu wa Tanzania alitangaza kwamba nchi yake imetakasika na korona kwa sala, na hesabu za wagonjwa zilikuwa zimekwisha kukoma kutolewa. Mwezi Februari wa mwaka uliofuata Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki dunia baada ya chama chake kutangaza wazi kwamba ameambukizwa. Sisi Wakenya tuliwacheka. Tulikuwa na matangazo ya kila alasiri, waziri akisoma tarakimu mbele ya kamera, tukajiona watu wa sayansi. Kisha tarakimu zilipokoma kusomwa tukadhani na ugonjwa umekoma. Sioni tofauti kubwa baina ya kuufuta ugonjwa kwa amri na kuufuta kwa kunyamaza.

Imebaki hoja moja ambayo naiheshimu zaidi ya zote, kwa sababu hutolewa na watu wema. Husema kwamba katika mtaa wenye kifua kikuu, wenye malaria ya wasafiri, wenye akina mama wanaojifungua katika zahanati isiyo na maji, na moshi wa jaa la Dandora ukiingia madirishani usiku na mchana, kuzungumzia raha ya moyo na uchovu wa watu hamsini ni anasa. Nawajibu kwamba wamekosea mahali pa kuweka mizani. Yule fundi cherehani hakupoteza raha, alipoteza riziki. Uchovu wake ulikuwa ni kodi ya nyumba isiyolipwa, na sononeko lake lilikuwa ni watoto waliokwenda shule bila ya chai, na daftari la Uingereza limekwisha kutuambia kwamba mwenye sononeko ndiye achelewaye kupona, hata kumwacha na sononeko lake ni kumwacha na korona yake. Wala watu hamsini si peke yao. Wapo nyuma yao watu wengi zaidi wasio na multipo sklerosisi ambao korona iliwaacha na uchovu huo huo, wale ambao Shirika la Afya Duniani liliwatolea maelezo mwezi Oktoba 2021, likasema ni mtu ambaye miezi mitatu baada ya maambukizo angali na dalili zilizodumu kwa miezi miwili au zaidi pasipo sababu nyingine ya kuzieleza. Macho yatakayojifunza kumwona wa kwanza yatamwona na wa pili. Na Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, haikusema kwamba afya iliyo bora kadiri iwezekanavyo ni haki ya mwenye ugonjwa unaofahamika na jirani. Imesema ni haki ya kila mtu.

Tena gharama yenyewe si kubwa kama wanavyoitisha. Tangu mwezi Septemba wa mwaka wa 2023 serikali ilitoa wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, nao wamo humu mitaani. Hupita mlango kwa mlango na mkoba na simu, hupima shinikizo la damu na sukari, na hujaza maswali. Hawaulizi kama katika nyumba hii yumo mtu ambaye tangu augue homa ile kubwa hawezi tena kupanda ngazi alizokuwa akizipanda, wala kama yumo ambaye jicho lake moja liliwahi kufifia likarudi, au miguu yake ikafa ganzi ikapona ikafa tena. Ni maswali mawili. Atakayejibu ndiyo apelekwe hospitali ya Mama Lucy Kibaki, si kwa kupimwa MRI siku hiyo, bali kwa kuonwa na daktari aliyeambiwa kwamba maradhi haya yapo, na aandikiwe barua ya kumwona tabibu wa mishipa ya fahamu katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Na Mamlaka ya Afya ya Jamii, iliyoirithi bima ya zamani mwezi Oktoba 2024 na kuanza kukata kila mwenye mshahara asilimia 2.75, itamke waziwazi inalipa nini na hailipi nini katika kipimo hicho na katika dripu ile ya kila miezi sita, ili mgonjwa ajue kabla ya kuuza cherehani. Wanaosema kwamba hatukudhurika wayaruhusu maswali hayo mawili yaulizwe, kutoka Mwiki hata Ruai, kwa mwaka mmoja tu. Kama majibu yatakuwa matupu, daftari litakuwa upande wao, nami nitaliweka mbele ya wasomaji hawa hawa kwa mkono wangu mwenyewe.